Majibu ya Jumanne Asubuhi

Ambakisye Mwaipaja alipoambiwa kwamba kivuli chake kimelala, hakuuliza kama kuna dawa. Aliuliza kama chai inaruhusiwa.

"Inaruhusiwa," Daktari Ikupa alimjibu. "Nitamwambia Sista akuletee."

"Na sukari?"

"Na sukari."

Ilikuwa Jumatatu alasiri. Ukungu wa Tukuyu ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye madirisha ya hospitali ya moyo, na mvua ya mwezi wa pili ilinyesha taratibu, mvua isiyo na haraka kwa kuwa haina mpango wa kukatika. Ambakisye, mpima ardhi mstaafu mwenye mabega mapana na sauti ndogo, alikuwa ameletwa jana yake kutoka kanisani. Kifua kilimbana katikati ya wimbo wa pili, jasho la baridi likalowesha shati lote. Madaktari walizibua mshipa wa moyo uliokuwa umeziba, na damu ikapita. Lakini upande wa kushoto wa moyo ulibaki umelegea kama mkono uliokufa ganzi, na figo zilikuwa zimeanza kulalamika.

Ikupa Mwasomola mwenyewe ndiye aliyemwingiza mgonjwa yule uzi mwembamba kuliko unywele kwenye mshipa wa shingo. Uzi ulipeleka habari za damu yake kwenye mashine, na mashine ikaunda moyo mfano wa moyo wake, moyo wa hesabu. Ikaunakili mara elfu kumi, kila nakala ikaipa bahati yake: hii ipate homa, ile damu yake igande, nyingine ilale usingizi mzuri. Kisha ikazisukuma zote siku saba mbele, kazi iliyochukua muda wa mtu kunywa kikombe cha uji. Nakala zilizobaki zikidunda mwishoni ndizo zilizohesabiwa. Wataalamu waliuita mtambo huo kwa jina refu. Watu waliuita Kivuli. Kivuli chako kikisimama, utaishi. Kikilala, ndugu waitwe.

Cha Ambakisye kilikuwa kimelala kabisa. Kati ya kila mioyo mia, ni mitatu tu iliyofika siku ya saba.

Tangu Kivuli kije, watu walikuwa wameacha kufa ghafla hospitalini. Kila hospitali kubwa ilikuwa na Chumba cha Kuagana, chenye dirisha pana na viti vya kulalia wageni. Mwajiri alilazimika kumruhusu mtu aliyeitwa, na nauli yake ilikuwa juu ya serikali. Ikupa alikuwa amewaona watoto waliokimbia nyumbani wakirudi kushika mkono wa baba, na mashemeji waliogombania mpaka wa shamba wakilia kwenye bega moja. Aliamini katika chumba kile kuliko alivyoamini katika dawa nyingi alizoziandika.

"Sasa, mzee wangu," alisema akivuta kiti, "nani aitwe?"

"Tumpe."

"Ni nani wako?"

"Mke wangu." Ambakisye aliutazama ukungu. "Alikuwa mke wangu. Bado ni mke wangu, kesi ya talaka haijaisha. Yuko Mbeya, kwenye utafiti wa viazi."

"Hamkujaliwa watoto?"

"Hatukujaliwa."

Ikupa alipoanza kuandika ujumbe, mgonjwa alimgusa mkono. "Liandike neno lenyewe, Daktari. Andika kimelala. Niliwahi kujifanya mgonjwa ili asisafiri. Ukiandika maneno laini atadhani ni yale yale."

Ikupa aliliandika neno lenyewe.

*

Jumanne asubuhi Sista Lusajo, muuguzi mkuu wa wodi, alimpokea mlangoni kabla hajavua koti la mvua.

"Njoo utazame picha ya moyo wa Mwaipaja," alisema. "Mimi nimetazama mara mbili."

Kwenye kioo, ukuta wa kushoto wa moyo, uliokuwa umelala jana, ulikuwa unacheza. Haukucheza vizuri, ulisitasita kama mtu anayejaribu mguu uliotoka kwenye plasta, lakini kwa kila pigo uliingia ndani na kutoka. Ikupa alielewa mara moja. Msuli wa moyo ukinyimwa damu, sehemu yake hufa na sehemu nyingine huzimia tu. Kwa macho, na hata kwa uzi, uliokufa na uliozimia hufanana kwa saa za mwanzo. Kivuli kilikuwa kimeuhesabu wote kuwa umekufa. Usiku, damu ikiendelea kupita, uliozimia ulikuwa umezinduka.

Aliamuru mashine ipige hesabu upya. Ilipomaliza, aliamuru irudie tena, maana hakutaka kuamini upesi. Majibu yalikuwa yale yale. Kati ya kila mioyo mia, sabini na mmoja ilifika siku ya saba.

Alimpelekea Ambakisye habari hizo huku anatabasamu, jambo alilojikataza kwa kawaida. Mgonjwa alimsikiliza bila kusogea. Machozi yalimtoka pembeni mwa macho yakaingia masikioni, naye hakuyafuta.

"Tumpe amepata ujumbe?" aliuliza.

"Ameupata. Yuko njiani. Nitampigia sasa hivi."

"Usimpigie."

"Mzee, anakuja kukuzika."

"Najua anachokuja kufanya." Alijaribu kujiinua, akashindwa. "Kaa, Daktari. Ukimpigia, gari litageuza. Mimi namjua. Atafurahi kwamba nimepona, atafurahi kwa kweli, na atageuza gari. Nina maneno ya kumwambia ambayo mwenye afya hayasikilizi kutoka kwa mwenye afya mwenzake. Siku mbili tu. Kisha nitamwambia mwenyewe."

"Huo ni uongo."

"Si uongo wako. Majibu ni ya nani kwa sheria?"

Swali hilo lilikuwa limempata Ikupa mahali pake. Miaka ya nyuma, Kivuli kilipokuwa kipya, ndugu ndio waliokuwa wanaambiwa kwanza. Ikupa aliwahi kumtibu mzee mmoja wa Kiwira ambaye wanawe waligawana shamba lake la kahawa wakiwa wamesimama miguuni pa kitanda, naye anasikia. Kwa sababu ya mzee yule Ikupa alikwenda Dodoma, akasimama mbele ya kamati, akasema kwamba majibu ni ya mgonjwa, na hakuna daktari wa kuyatoa kwa mtu mwingine bila idhini yake. Maneno yake yaliingia kwenye sheria karibu kama alivyoyasema.

"Ni yako," alisema mwishowe.

"Basi mimi sitoi idhini."

Nje, Ikupa aliposimulia, Sista Lusajo alikunja midomo. "Wewe mwenyewe ulitufundisha, Daktari. Leo tukivunja kwa sababu tunamhurumia mke, kesho mwingine atavunja kwa sababu anawahurumia wana wenye shamba."

"Najua."

"Na pengine watapatana. Wangapi tumewaona?"

Neno hilo la mwisho ndilo lililomwingia Ikupa. Alitaka wapatane. Alikuwa anawataka wapatane tangu jana, aliposikia jinsi mgonjwa alivyolitamka lile jina.

*

Tumpe alifika mchana akiwa na begi kubwa la mgongoni na koti zito la manjano, koti la baridi ambayo hata Tukuyu haina. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, kucha zimekatwa fupi kama za mtu wa shambani. Watu waliokuwa ukumbini waligeuka kulitazama koti.

"Ugonile," Ikupa alimwamkia kwa lugha ya nyumbani.

"Ndaga, Daktari." Alilishusha begi chini lakini hakukaa. "Bado yupo?"

"Yupo. Anakusubiri."

Tumpe aliutazama mlango wa Chumba cha Kuagana, halafu akamrudia daktari. "Kabla sijaingia, naomba nikuulize wewe, maana yeye nikimwona sitaweza kufikiri. Nina safari. Kuna kituo cha utafiti kwenye barafu, Ncha ya Kusini, kinachoendeshwa na nchi zetu. Wanalima ndani ya mabanda, chini ya taa, na viazi vinawafia. Waliomba mtu wa viazi. Niliomba mara tatu, safari hii wakanichukua. Ndege ya kwanza inatoka Songwe kesho asubuhi, tuwahi ile ya mwisho inayoingia kwenye barafu. Baada ya hapo giza la miezi mingi linafunga njia, hakuna anayeingia mpaka mwezi wa kumi na moja."

"Na mwezi wa kumi na moja?"

"Ataingia aliye wa pili kwenye orodha. Hawatamngoja mtu." Alisema bila uchungu, kama anayeeleza ratiba ya kupanda. "Nisikilize, Daktari. Huyu bwana hakunipiga hata siku moja. Wala hakulewa. Alinihesabu. Ni mpima ardhi, anajua umbali wa kila mahali, kwa hiyo anajua natakiwa kutumia muda gani kwenda na kurudi. Nikichelewa sokoni, anakuwa amesimama getini na maswali. Nilikaa hivyo mpaka nikaanza kujihesabu mwenyewe hata akiwa hayupo. Ndipo nikaondoka. Lakini sikuondoka ili afe peke yake."

"Naelewa."

"Basi niambie kitu kimoja. Nikimuaga nikaondoka leo jioni, ndege nitaiwahi. Nikilala hapa, sitaiwahi. Atakuwa hai keshokutwa?"

Ukumbini palikuwa na watu wengi, na mahali fulani mtoto alikuwa anakohoa. Ikupa alilisikia jibu likiwa limekaa tayari mdomoni. Lilikuwa neno moja, na lilikuwa habari njema. Alifikiria Dodoma. Alifikiria mzee wa Kiwira. Alifikiria pia, na hilo alikuja kulikiri nafsini mwake baadaye, jinsi itakavyokuwa vizuri watu hawa wawili wakikaa kwenye viti vile vya dirishani.

"Majibu ni yake, dada yangu," alisema. "Muulize mwenyewe."

Tumpe alimtazama usoni kwa muda. Aliyoyaona pale aliyasoma kwa namna ambayo mtu yeyote aliyeitwa kwa neno kimelala angeyasoma.

"Asante," alisema polepole. "Asante kwa kutonitamkia."

Alitoa simu, akasogea ukutani, akazungumza na mtu kwa maneno machache. Ikupa alimsikia akisema hapana, si kwamba ameogopa, ni msiba. Kisha akavua koti la manjano, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya begi, akaingia chumbani.

Ikupa angeweza kumfuata. Mlango ulikuwa hatua chache tu kutoka pale aliposimama. Alikwenda kumwona mgonjwa mwingine.

Jioni, kabla ya kuondoka, alichungulia kwenye kioo cha mlango. Tumpe alikuwa amelowesha kitambaa na anamfuta Ambakisye uso, na Ambakisye alikuwa anaongea. Aliongea kwa muda mrefu, macho yamefumbwa. Tumpe aliusimamisha mkono wenye kitambaa, akasikiliza, halafu akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa blanketi. Ikupa alijiambia kwamba sasa anamwambia kila kitu.

Ambakisye alikuwa anamwomba radhi. La majibu hakuligusa. Kesho yake ndege iliondoka.

*

Alhamisi Ambakisye aliketi kitandani akala ndizi na maharage, akaomba nyingine. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuja kumtazama. Mchungaji aliyekuwa amekuja kumwombea maombi ya mwisho alimwombea ya shukrani, na wodi nzima ikaitikia. Tumpe naye aliitikia. Kisha akaenda kwenye ofisi ya Ikupa, akafunga mlango nyuma yake.

"Amekula," alisema.

"Nimesikia. Nimefurahi."

"Anasema aliponiona ndipo moyo ulipopata nguvu. Mchungaji anasema ni Mungu. Mimi nimeshukuru, sikujifanya." Alikaa, mikono mapajani. "Lakini nimefanya kazi na viazi miaka mingi, Daktari. Kiazi kwenye ghala unaweza kukiona kimekauka, kesho ukakikuta kina chipukizi, ukasema ni maajabu. Si maajabu. Kuna siku jicho lilianza kufunguka na hukuwa unatazama. Nyinyi mna mashine inayotazama muda wote. Siku hiyo ilikuwa lini?"

Sheria bado ilikuwa ile ile. Ikupa alijua angeweza kusema tena yale aliyoyasema ukumbini, na safari hii yangekuwa ya kweli kuliko mwanzo, maana sasa hapakuwa na ndege ya kuwahi. Aliona pia kwamba hawezi kuyarudia maneno yale mbele ya uso huu.

"Jumanne asubuhi," alisema.

"Kabla sijafika."

"Kabla hujafika."

"Naye alijua?"

"Alijua. Aliniomba nisikwambie."

Tumpe aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. Hakupandisha sauti. Dirishani mvua ilikuwa imepumzika, na chini bondeni wachuma chai walikuwa wanarudi kazini na vikapu vyao.

"Sheria ndiyo iliyokukataza?"

"Ndiyo."

"Isingekukataza, ungeniambia?"

Ikupa alitaka kusema ndiyo. Alijaribu kujiona asubuhi ile akiwa hana sheria, ana simu tu mkononi, na alichokiona hakikumpendeza. "Sina hakika," alisema. "Nilitaka mpatane."

"Wewe ulitaka."

"Nisamehe, dada Tumpe."

"Nikikusamehe leo nitakuwa nasema tu. Msamaha utakapokuja, utakuja." Alizitazama kucha zake. "Unajua kinachoniuma? Watu watadhani ni barafu. Barafu inauma, ndiyo, nilitaka kuiona. Lakini huko ndani, aliponiomba radhi, nilimpa. Niliitoa yote, mpaka ya chini kabisa. Nilimwambia nisingekuwa popote pengine duniani isipokuwa pale. Na pengine ilikuwa kweli, Daktari. Pengine mngeniambia atapona, ningelitua begi na kukaa hivyo hivyo. Mimi ningependa kujua. Ningependa kujua mimi ni mtu wa namna gani. Sasa sitajua. Nyinyi wawili mlilichukua hilo swali mkalijibu mkiwa wenyewe."

"Nitampeleka nyumbani," Tumpe alisema akisimama. "Hawezi kuchota maji wala kupasua kuni, na hana mtu. Nitakaa mpaka aweze. Nakuomba jambo moja tu."

"Sema."

"Usimwambie kwamba najua."

"Kwa nini?"

"Majibu ni yangu," alisema Tumpe, bila kutabasamu, akatoka.

*

Miezi iliyofuata walikuja kliniki pamoja, kila baada ya wiki kadhaa, kwa basi dogo la umeme linalopanda kutoka Masoko. Tumpe alibaki nje kwenye benchi, na Ambakisye aliingia akavua shati. Moyo wake uliendelea vizuri. Alipungua mwili, akapata rangi, akaanza kutembea mpaka kanisani bila kupumzika njiani.

"Ananipikia uji bila chumvi kama ulivyosema," alimweleza Ikupa siku moja akiwa amelala chini ya kipimo. "Mboga bila chumvi. Hata yeye anakula hivyo hivyo, eti ili nisione wivu." Akatupa jicho mlangoni. "Simuulizi anakokwenda siku hizi. Anatoka, anarudi. Ulimi unawasha, lakini simuulizi."

"Umeshamwambia lile jambo?"

"Bado."

"Ulisema siku mbili."

"Nilisema." Aligeuza uso ukutani. "Siku mbili zilipoisha alikuwa ananikata kucha za miguu. Utamwambiaje mtu anayekukata kucha?"

Ikupa alimpaka mgonjwa dawa ya kipimo kifuani na kuendelea na kazi. Alikuwa amebeba siri ya huyu aliye ndani na ya yule aliye nje, na baina yao palikuwa na mlango wa mbao tu. Alipomsindikiza mgonjwa mpaka kwenye benchi, Tumpe alimsalimia kwa heshima, akauliza kuhusu vidonge, akaandika muda wa kuvimeza. Hakumnyima neno wala hakumwongezea.

Ikupa alirudi Dodoma mwezi wa nne. Alipendekeza kwamba mtu aliyeitwa kwa majibu, majibu hayo yakibadilika, aambiwe. Kamati ilimsikiliza kwa adabu. Mjumbe mmoja, mwanamke mwenye miwani minene, aliuliza: je, mgonjwa akiwa ni mke, na aliyeitwa ni mume ambaye mke huyo anamkimbia, naye mke hataki mume ajue kwamba atapona na kutoka? Ikupa alisimama pale na karatasi zake mkononi. Alisema atalifikiria. Alilifikiria njia nzima ya kurudi, milima ikipita dirishani, na hakupata jibu ambalo lisingemuumiza mtu mwingine. Pendekezo lilibaki mezani.

*

Mwezi wa sita, baridi ikiwa kali na mashamba yote yamefunikwa na umande mweupe mpaka saa nne, Ambakisye alikuja peke yake.

Alikuwa amepanda kilima kwa miguu. Alivua kofia, akavua koti, akavua shati, akajilaza bila kuambiwa. Ikupa alitazama benchi kupitia mlango uliokuwa wazi bado.

"Ameondoka Jumapili," Ambakisye alisema.

"Ameenda wapi?"

"Sikumuuliza."

Ikupa aliufunga mlango, akakaa.

"Nilimwambia, Daktari. Jumamosi. Tulikuwa jikoni tunamenya viazi, nikaona nikikaa na jambo hili siku moja zaidi litaniozea. Nikamwambia kwamba nilijua nitapona na nikamwacha akae. Hakushtuka. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho mkononi, akakitia kwenye maji, akasema, 'Najua. Nimejua tangu Alhamisi ile ulipoomba ndizi za pili.'" Aliitazama miguu yake. "Miezi yote hiyo. Kucha, uji, kuni, na anajua. Nikamuuliza, sasa ulikuwa unakaa kwa nini? Akasema, 'Mwanzoni nilikaa kwa sababu ulikuwa huwezi kuchota maji. Ulipoweza, nilikaa nione kama utaniambia.'"

"Na ulimwambia."

"Nilimwambia. Nikadhani..." Hakumalizia. Alitazama dari. "Akasema asante. Akasema ameshukuru kweli kweli, kwa sababu sasa anaweza kuondoka bila kunichukia, na alikuwa anaogopa ataondoka akinichukia. Asubuhi alinipikia, akanikatia kuni za wiki, akavaa lile koti lake la manjano. Nilimbebea begi mpaka barabarani. Lilikuwa zito, na moyo haukunisumbua hata kidogo."

Kwenye chumba cha pili mtu alikuwa anasukuma kitanda, na gurudumu lake moja lilikuwa linalia.

"Wewe ndiye uliyemwambia?" Ambakisye aliuliza.

"Ni mimi."

"Ilitakiwa umwambie alipofika."

"Ilitakiwa."

"Lakini mimi ndiye niliyekuomba." Alisema hivyo bila lawama, kama anayerekebisha mpaka kwenye ramani ili kila mtu apate kipande chake. Kisha akaelekeza kidevu kwenye mashine. "Kinasemaje leo?"

Mtambo ulikuwa umeboreshwa mwezi uliopita. Haukuishia tena kwenye siku saba, uliweza kuisukuma mioyo mbele kwa miaka kumi, nao ulikuwa umeshamaliza wakati wakizungumza. Ikupa alisoma majibu, na kwa kuwa yalikuwa ya mgonjwa, alimpa.

"Kimesimama, mzee wangu. Kati ya kila mioyo mia, themanini na minne inafika mwaka wa kumi. Ukiendelea hivi, utafika mbali."

"Miaka kumi."

"Na zaidi."

Ambakisye aliinuka akakaa ukingoni mwa kitanda. Alivaa shati, akafunga vifungo kuanzia chini, akafika juu akakuta kimoja kimebaki bila tundu, akavifungua vyote akaanza upya. Ikupa alimngoja. Alikuwa amewapa watu habari ya siku tatu, ya siku moja, ya saa chache, akawaona wakijikaza na kuzipokea. Hakuwahi kumwona mtu akipokea habari akiwa amechoka hivi.

"Ni mingi," Ambakisye alisema. Akachukua kofia yake, akamshukuru daktari, akatoka kwenda kushuka kilima.